Mwigizaji, Mtaa Uliomlea na Sifa Isiyomlisha

Ufundi wa mwigizaji huanzia sikioni kabla ya kufika ulimini, kwa kuwa asiyejua kusikiliza jinsi watu wanavyosema, wanavyosita na wanavyonyamaza hawezi kuvaa uhusika, yaani kuishi nafsi ya mtu mwingine mbele ya hadhira hadi akaaminika. Kwa hoja hiyo mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ni chuo ambacho bado hakijapewa heshima yake. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, Makongeni ikawa makao ya wafanyakazi wa reli, na humo familia za Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu zikaishi ukuta kwa ukuta, hata mtoto akakua akizijua lafudhi za majirani, yaani namna lugha ya mama inavyosikika ndani ya Kiswahili cha msemaji, kabla hajajua kusoma.

Nguvu ya sikio la namna hiyo ilidhihirika kwa marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu kwa kuzaliwa, ambaye katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga, alikuwa Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo kwa sauti, mwendo na hasira. Hakuibeza lafudhi aliyoiazima. Aliibeba kwa mapenzi, na ndiyo maana hata Wajaluo wenyewe walicheka pamoja naye. Hata hivyo, mtu huyo aliyejulikana nchi nzima alifika uzeeni akichangiwa na wananchi fedha za kutibiwa macho, kisha akafariki Julai 2015. Aibu hiyo si yake, ni ya taifa lililomfurahia miaka mingi bila kuuliza anakula nini.

Vijana wa Kayole na Dandora, mitaa mingine ya Eastlands, walimwona Joseph Wairimu akitunukiwa katika tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini, mwaka 2012 kama mwigizaji bora kwa filamu ya Nairobi Half Life, na ni haki yao kutamani vivyo hivyo. Lakini tuzo si mshahara. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua haki za mwigizaji juu ya uigizaji wake uliorekodiwa. Basi kijana asitie sahihi mkataba asiousoma, na aulize mapema kuhusu malipo ya marudio, yaani fedha anazostahili kila kazi yake inaporushwa upya. Wazazi nao waache kuuita uigizaji uzembe. Na Serikali ya Kaunti ya Nairobi izifungue kumbi za kijamii za mitaa hiyo, ukiwemo ule wa Kaloleni, ili vikundi vya vijana vifanye mazoezi kila jioni bila ada.