Ukija Likizo Kuvua Samaki, Anzia kwa Mkulima Siyo Manchira

Leo naomba tuweke mbolea na dawa pembeni kidogo, nina jambo linanikera.

Kila Desemba ikikaribia simu zinaanza. Ndugu zetu walioko Mwanza, Arusha na Dar wanapanga kuja nyumbani, na siku hizi nyama choma peke yake haiwatoshi, wanataka sehemu ya kupumzika na watoto. Kuingia hifadhini Serengeti kuna kiingilio. Mto Mara una mamba na viboko, huko sikushauri hata kunawa miguu. Basi wote wanauliza Bwawa la Manchira pale Mugumu. Mwaka huu shemeji yangu wa Tarime ameshanunua hema, tochi na nyavu mbili. Nikamwambia nyavu aziache kwake. Akanijibu, "Mura, yaani unatunyima samaki wa nyumbani?"

Simnyimi. Ila Manchira ni mtungi wa kunywea. Maji ya Mugumu mjini yanatoka pale. Mkipiga hema ukingoni watu kumi na tano kwa siku tatu, mnajisaidia wapi? Pikipiki mnaoshea wapi? Mvua moja tu ya vuli ikipiga, vyote vinaishia bwawani, na baadaye kwenye ndoo ya mama lishe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bwawa au mto. Sisi maafisa ugani tunaitumia kila siku kumfukuza mkulima wa nyanya na vitunguu kwenye hizo mita. Sasa mkulima yule akimwona mgeni wa mjini anakaanga samaki palepale alipong'olewa miche yake, mimi nitamwambia nini?

La pili ni kichocho, na hapa nakiri kosa langu. Miaka michache iliyopita niliwapeleka watoto wa ndugu kwenye lambo moja la kunyweshea mifugo, wakaogelea mchana kutwa, mimi nimekaa kivulini na ndoano yangu. Bwana shamba mzima! Wiki kadhaa baadaye mmoja akaanza kukojoa damu. Alikaa siku nne hajasema, anaona aibu. Tulimpeleka hospitali, wakapima mkojo, akapewa dawa akapona, lakini uso wa mama yake siku ile sijausahau. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya pembeni, vinapenya ngozi hata kama hukunywa maji. Kwa macho huvioni, maji yanaweza kuwa safi kabisa. Kwa hiyo kuvua ni kusimama nchi kavu, siyo kuingia mpaka kiunoni. Na kama mtoto wako alishaogelea, mpeleke akapimwe, usisubiri aseme.

Nyavu nazo. Sato jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukimkokota na wavu wa matundu madogo umeondoka na kizazi kizima kwa mboga ya jioni moja. Tena Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka leseni, kwa hiyo hata hiyo ndoano, pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri na kwa watu wa maji, uliza kama inaruhusiwa na upande gani. Kuuliza ni dakika kumi.

Maoni yangu ni haya: wageni wa kuvua waende kwenye mabwawa ya wakulima. Tuna wafugaji wa samaki wanaovuna kwa hasara kwa sababu wanatoa samaki wote siku moja, mnunuzi anakuja na bei yake, na jua linawaka. Bwawa la mita za mraba 200 ukipandikiza vifaranga dume 400 mwezi Juni, Desemba una samaki wa kuliwa. Mgeni anavua kwa ndoano, mnapima kwa mizani, analipa kwa kilo. Kivuli cha mwembe, mahindi ya kuchoma, choo safi, vyote vina bei yake. Hiyo hela inabaki kijijini. Nikiwaambia wakulima wananicheka: "Nani alipe kukaa juani kuvua samaki wangu mwenyewe?" Shemeji yangu alinunua hema, tochi na nyavu mbili, huyo hawezi kulipia kilo tatu za sato?

Lakini mkulima, ufyeke majani yote ukingoni, konokono hawachagui bwawa la nani. Weka uzio watoto wasitumbukie. Na mtu asiingie majini, hata kama amelipa.

Shemeji amekubali, kwa shingo upande. Tarehe 27 tunaenda kwa mkulima mmoja nje kidogo ya Mugumu, watu kumi na tano, ndoano sita. Nyavu amesema atazitumia kufunika miche ya sukumawiki kuku wasiile, na kwa kweli zinafaa. Chambo nachimba mwenyewe kwenye lundo la mboji nyuma ya ofisi, minyoo imejaa. Mwenye bwawa linalovunika Desemba hii, Tarime au Serengeti, aniambie mapema, maana simu bado zinaingia.