Someni Sura Nzima

Mmewasikia wahubiri wa mbegu na upako. Wapo redioni alfajiri, wapo kwenye viwanja vya mpira jioni, wapo kwenye simu ya kila mwenye bando. Hoja zao mnazijua: Mungu hapendi umaskini, anayetoa hubarikiwa, anayezuia hulaaniwa, na mtumishi wa Mungu hahojiwi. Sitawaita matapeli. Kumtukana mtu si kumjibu, na miongoni mwao wamo wanaoamini kwa moyo wote wanachokihubiri. Nitawajibu kwa kitabu wanachokishika mkononi, na ninyi mliowasikia ndio mahakimu. Naomba kipimo kimoja tu: kila aya wanayoitaja isomwe pamoja na zinazoitangulia na zinazoifuata.

Hoja inayobeba nyingine zote ni ya Malaki 3:10. Wanasema Mungu ameagiza zaka kamili iletwe ghalani, kwamba mtoaji atapata baraka tele na mwenye kuzuia atapata laana, na kwamba ghala la leo ni madhabahu ya mtumishi anayekulisha neno. Nakubali kwamba Malaki aliagiza zaka, na sina ugomvi na Mkristo anayetoa fungu la kumi kwa hiari yake. Tunachogombania ni ghala. Nehemia 13 inaeleza lilivyokuwa: vyumba vya hekalu vya kuwekea nafaka, divai na mafuta, chakula cha Walawi. Hao walikuwa kabila lisilopewa ardhi, na posho yao ilipokatwa waliacha huduma wakarudi mashambani. Kumbukumbu la Torati 14 inaongeza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mijini, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane, basi, alikuwa mlaji wa zaka. Leo mjane huyohuyo anaambiwa biashara yake ya maandazi haiendi kwa sababu ameizuia zaka. Rudini nyuma aya tano tu, Malaki 3:5, mtakuta Mungu akijitangaza kuwa shahidi dhidi ya wanaopunja ujira wa kibarua na wanaomwonea mjane na yatima. Sura ya 2 nayo inafunguka kwa laana juu ya makuhani, kabla watu wa kawaida hawajaguswa na laana ya zaka. Mahubiri ya zaka hayaanzii huko.

Mjane wa senti mbili ndiye shahidi wao wa pili. Wanasema Yesu alimsifu kwa kutoa vyote alivyokuwa navyo, kwa hiyo hata asiye na kitu asije mikono mitupu. Ni kweli Yesu alisema ametoa kuliko matajiri wote. Lakini hakumwahidi malipo, wala Marko haandiki kwamba siku ya pili alifunguliwa mlango wa riziki. Habari hiyo iko Marko 12:41-44, na aya ya 40, iliyo mara tu kabla yake, inawahukumu walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Mara tu baada yake, mwanzoni mwa sura ya 13, Yesu anatangaza kwamba jengo lililopokea senti zile litabomolewa lote. Anayemtumia mjane huyu kuwashawishi wajane wamalize akiba yao amejiweka mwenyewe katika aya ya 40.

Kisha kuna mara mia. Marko 10:29-30 inasema aliyeacha nyumba au mashamba kwa ajili ya Injili atapokea mara mia, tena katika maisha haya. Hapo wako sahihi: Yesu hakusubirisha kila kitu hadi mbinguni. Ila orodha yake ina mama na watoto pia, na hakuna anayetarajia kuzaliwa na mama mia. Anachoahidi ni jamaa mpya, watu wa kanisa ambao nyumba zao ziko wazi na ambao wanakuwa mama na ndugu kwa aliyefukuzwa kwao. Na baada ya kuorodhesha hayo ameongeza mateso, neno ambalo kwenye bahasha za sadaka halipo. Sasa mfuateni mtu aliyesababisha ahadi hiyo itolewe. Ni Petro, katika aya ya 28, aliyemkumbusha Yesu kwamba wameacha vyote. Ikiwa mara mia ni fedha, Petro ndiye wa kwanza kustahili. Matendo 3 inamkuta mlangoni pa hekalu mbele ya kiwete anayeomba, naye anakiri kwamba hana fedha wala dhahabu. Ama Yesu hakutimiza ahadi kwa mtume wake, ama ahadi haikuwa ya fedha. Chagueni.

Hesabu yao wenyewe pia inawakataa. Kama kila shilingi inayotolewa kwa imani hurudi mia, mwenye nazo nyingi ndiye angetangulia kuzigawa. Mhubiri angewapa waumini wake maskini, kisha akasubiri mavuno. Badala yake anawataka wao watangulie, tena kwa kiwango anachokitaja yeye. Wakibanwa hapo husema aliyepanda asivune ana imani haba au dhambi iliyofichika. Pimeni jibu hilo kwa makini, mahakimu. Aliyepata ni ushahidi kwamba kanuni ni kweli, aliyekosa ni ushahidi dhidi ya nafsi yake mwenyewe, na kanuni haishindwi kwa lolote litakalotokea. Hoja ya namna hiyo haijathibitishwa. Imewekewa ulinzi tu. Marafiki wa Ayubu waliitumia kwa sura nyingi, na mwishoni mwa kitabu, Ayubu 42:7, Mungu aliwakasirikia.

Aya ya 3 Yohana 2, ile ya kufanikiwa na kuwa na afya, haihitaji muda mrefu. Ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo, kama barua nyingi za wakati ule zilivyoanza. Lakini endeleeni kusoma. Katika aya ya 7 Yohana anawasifu wahubiri waliotoka kwa ajili ya Jina bila kuchukua kitu kwa wasioamini, na katika aya ya 9 anamlaumu Diotrefe, mtu aliyependa kuwa wa kwanza kanisani. Barua wanayoitumia kudai utajiri inawasifu wahubiri wasiodai kitu.

Kuhusu mafuta, maji na vitambaa wana aya mbili. Katika Matendo 19:12 leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Katika Yakobo 5:14 wazee wanampaka mgonjwa mafuta na kumwombea. Naziamini zote mbili. Lakini Luka anasema waziwazi kwamba miujiza ile ya Efeso haikuwa ya kawaida, na wao wameifanya bidhaa ya kila Jumapili. Katika Yakobo wazee ndio wanaomwendea mgonjwa. Hapangiwi foleni wala hauziwi chupa. Paulo huyohuyo alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20), na alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, asimtumie leso. Kuhusu bei, kesi imekwisha kuamuliwa mara mbili. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi aliyeikimbilia kwa siri akapata ukoma. Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo wa kiroho kwa fedha, na Petro akamwambia aangamie pamoja na fedha zake. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini. Walikuwa wametafuta msaada wa Mungu. Hakuna aya katika Biblia nzima iliyowatuma kuyakimbilia mafuta yale.

Mtu akiuliza haya, hunyamazishwa kwa Zaburi 105:15, kwamba masihi wa Bwana wasiguswe. Anzieni aya ya 12. Wanaozungumziwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wasio na nchi, na wanaoonywa ni wafalme. Zaburi inamkinga mnyonge dhidi ya mkubwa. Imegeuzwa kumkinga mkubwa dhidi ya swali la mnyonge. Daudi alikataa kumwua Sauli kwa kuwa alikuwa masihi wa Bwana, lakini katika 1 Samweli 24 alimwita kwa sauti na kumweleza kosa lake. Nathani alimkabili Daudi, mfalme aliyepakwa mafuta. Paulo alimpinga Petro hadharani kule Antiokia. Na 1 Yohana 2:20 inasema waamini wote wamepokea upako, kwa hiyo mama anayeuliza sadaka imekwenda wapi ni mpakwa mafuta sawa na anayeulizwa.

Ipo hoja nyingine inayopendwa sana kwetu: kwamba wanaopinga mafundisho haya wangali watumwa wa dini ya wakoloni, iliyomtaka Mwafrika aridhike na umaskini. Ina ukweli ndani yake. Mahali pengine Mwafrika alihubiriwa subira huku ardhi yake ikichukuliwa, na hilo halifai kufichwa. Lakini mafundisho ya mbegu yametoka wapi? Aliyeyaeneza zaidi ni Oral Roberts wa Oklahoma, Marekani, na katika jimbo hilohilo Kenneth Hagin alifungua chuo chake cha Rhema mwaka 1974. Tamko kubwa la kuyakosoa, kwa upande wake, liliandaliwa na wanateolojia wa Afrika wa harakati ya Lausanne, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009. Hoja ya asili haiwasaidii.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni ya mwisho, nami naichukua kwa uzito wake. Wanasema: watu wana njaa, hawana kazi, wanaugua, kanisa linalowaambia habari za roho tu limewatupa. Yakobo 2:15-16 iko upande wao, kwa kuwa inamkemea anayemwaga maneno ya heri kwa mtu aliye uchi na mwenye njaa. Lakini tazameni Yesu alivyofanya katika Yohana 6. Aliwalisha watu 5,000 bila kuomba sadaka. Walipotaka kumfanya mfalme aliondoka. Siku ya pili walipomtafuta aliwaambia wazi kwamba wanafuata mikate, akawataka wakitafute chakula kisichoharibika. Alilisha mwili, na hata hivyo alikataa kuufanya mkate kuwa ujumbe wake. Utume aliowaachia wanafunzi, katika Luka 24:47, ni kuhubiri toba na msamaha wa dhambi kwa mataifa yote. Kwa utume huo huo kanisa la Matendo liliwahudumia wajane, likachangia waliopatwa na njaa Uyahudi, na fedha zikatiririka kutoka kwa mwenye nazo kwenda kwa asiye nazo. Palepale Moshi, makanisa ndiyo yaliyosimamia kujengwa kwa hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, bila kumwambia mgonjwa kwamba kitanda chake kinategemea ukubwa wa mbegu yake. Wanaodai kumjali maskini waonyeshe ni upande gani fedha zao zinatiririka.

Na hapo ndipo 2 Wakorintho 8:9 inapowaangusha. Wanasema Kristo alikuwa maskini ili sisi tuwe matajiri, na wanamaanisha nyumba na magari. Sura hiyo ni ya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Inafunguka kwa kuyasifu makanisa ya Makedonia, ambayo aya ya 2 inasema yalikuwa katika umaskini mkubwa. Paulo hayaiti yenye laana wala yenye imani haba. Aya ya 13 na 14 zinasema lengo ni usawa. Kisha, katika aya ya 19 hadi 21, Paulo anaeleza kwamba fedha zitasafirishwa pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu yeyote juu ya mchango huo. Nendeni ofisini kwa kanisa lenu mkaombe kitabu cha mapato na matumizi. Paulo, aliyeona ni wajibu wake kutoa hesabu, alikuwa mtume.