Nani Kasema Wanaume Hawaponi?

Makala moja niliyoisoma yadai kwamba katika tiba ya kikundi wanawake hubadilika kwa kuwa husema, ilhali wanaume hunyamaza na kutoka kama walivyoingia. Tangu lini kuhesabu maneno kukawa kupima nafuu? Mwanamume atazamaye viatu vyake wiki 5, kisha wiki ya 6 akamwambia jirani yake “hata mimi silali,” alikuwa kazini muda wote huo!

Tena ushahidi upo, hapa Uganda. Katika utafiti wa Masaka na Rakai uliochapishwa 2003, vikundi vya wanaume na vya wanawake, kila jinsia kivyake, vilikutana wiki 16. Wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kama wanaume hawakupona, asilimia hiyo ilishukaje?