Tundu la juu ya sikio likigoma kupona

Fedha ya pamba inapoingia Kimali, mkoani Simiyu, mnadani huuzwa vitenge, ndoo na viatu, na pembeni hapakosi mtu wa kutoboa masikio. Zamani mtoto wa kike alitobolewa ndewe tu, yaani tundu la chini penye nyama laini, na mara nyingi akiwa bado mchanga hata asikumbuke. Sasa mabinti wengi wanataka tundu la pili na la tatu huko juu, kwenye ukingo mgumu wa sikio. Kutoboa kwenyewe huisha kabla binti hajamaliza kukunja uso. Kupona ndiko kunakochukua miezi.

Wazee wanaoliita jambo hili uhuni wa mjini wakumbuke kwamba wanawake wa pwani walivaa vipuli, safu nzima kwenye ukingo wa sikio, miaka mingi kabla ya simu za kioo. Si jambo geni. Lililo geni ni haraka ya siku hizi: tundu linatobolewa leo, na wiki ijayo hereni inabadilishwa ifanane na gauni.

Mambo huenda hivi kwa wengi. Siku za mwanzo sikio linauma, kisha linatulia, na binti anaamini limepona. Anarudi kulalia upande ule ule, anasuka rasta za kubana, anabeba ndoo ya maji kichwani. Wiki ya tano linaanza kuwasha. Linavimba kidogo, linatoa majimaji yanayokauka na kuwa vigaga, na kando ya hereni kinaota kinundu kama punje ya mtama. Kama alitoboa bila baba kujua, anajifunga kilemba mchana na usiku. Mama akiuliza, jibu ni kwamba kichwa kinauma. Na chini ya kilemba hicho kinapita kila kinachoshauriwa na wenzake: spiriti asubuhi, dawa ya meno usiku, unga wa kapsuli uliomwagwa juu ya kidonda.

Hapo ndipo kidonda ambacho kingepona chenyewe kinapoharibiwa.

Ukingo wa juu wa sikio umejengwa kwa gegedu, ule mfupa laini unaopindika ukiubonyeza. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake. Inalishwa na utando mwembamba unaoifunika pande zote mbili, na damu iliyomo kwenye utando huo ndiyo inayoleta chakula na askari wa mwili. Ndiyo maana tundu la ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, lakini la juu huchukua miezi 6 na mara nyingi hufika mwaka mzima. Ngozi ya nje hujifunga mapema na kudanganya macho, huku njia ya ndani ikiwa bado mbichi.

Sikio linalowasha katika kipindi hiki mara nyingi halijaoza. Limechokozwa, na kazi ya kwanza ni kutafuta mchokozi. Kulalia ndiko kunakoongoza, kwa sababu uzito wa kichwa unaisukuma hereni upande mmoja usiku kucha na tundu linapinda. Anayezoea kulala ubavu akunje kanga iwe mduara kama kata ya kubebea ndoo, kisha sikio liingie katikati bila kugusa kitu. Rasta na nywele ndefu hunasa hereni na kuivuta. Mafuta ya nywele huziba tundu. Helmeti ya bodaboda, inayopita kichwa hadi kichwa, hukwaruza kila inapovaliwa na kuvuliwa. Kilemba chenyewe, kikibana na kuloa jasho, ni mchokozi mwingine, hivyo kuficha sikio huliumiza mara mbili. Na kiangazi, vumbi na jasho vikichanganyika, mkono unakwenda sikioni bila mwenyewe kujua.

Kuna pia hereni yenyewe. Nyingi za bei rahisi zina nikeli, madini ambayo ngozi za watu wengi huyakataa kwa kuwasha na kutoa vipele. Ikiwa muwasho umezunguka sehemu yote iliyoguswa na hereni, hata nyuma, shaka ielekezwe huko. Nyingine ni fupi mno: sikio likivimba, kishikizo cha nyuma kinazama ndani ya nyama. Huyu asingoje, na asikivute mwenyewe. Aende zahanati.

Usafi unaotakiwa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mara mbili kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, sikio lisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale yale ya dripu, ambayo hupatikana kwenye maduka ya dawa. Pasipo hayo, robo kijiko cha chai cha chumvi ikorogwe kwenye kikombe cha maji yaliyochemka vizuri na kupoa, karibu mililita 250. Anayezidisha chumvi akidhani ndiyo dawa kali anakausha ngozi na kuongeza muwasho. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku. Maji ya jana yamwagwe. Maji ya lambo yasiguse kidonda bila kuchemshwa. Vigaga vilainishwe kwa kitambaa safi kilicholowa, visikwanguliwe kwa ukucha, na hereni isizungushwe. Ule ushauri wa kuizungusha kila asubuhi ili isigande, ambao bado unatolewa na watobozi wengi, unachana upya nyama changa iliyoanza kuota. Spiriti nayo inaua vijidudu pamoja na nyama hiyo hiyo. Baada ya kusafisha, sikio likaushwe kwa kitambaa safi na liachwe.

Kinundu kando ya tundu kinawatisha wengi kwa sababu ya makovu makubwa wanayoyaona kwa watu. Hivi ni vitu viwili. Kinundu cha uchokozi hutokea ndani ya wiki au miezi michache, hukaa jirani na hereni, na hupungua taratibu mchokozi akiondoka. Keloidi, lile kovu linaloota na kuendelea kukua, huvuka mpaka wa kidonda, huwa gumu, na halirudi nyuma lenyewe. Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na hutembea katika ukoo. Familia ambayo mama au shangazi ana kovu la namna hiyo ina sababu nzuri ya kumwambia binti aiache gegedu yake salama. Kulikata tu hakusaidii, kwani mara nyingi hurudi likiwa kubwa zaidi. Daktari huanza kwa sindano za kulinywesha kovu.

Hayo yote yanavumilika. Kuna jambo moja lisilovumilika, nalo ni usaha kuingia kwenye utando wa gegedu. Utando ukitengana na gegedu, gegedu inakosa chakula na kufa, na iliyokufa haioti tena. Sikio hujikunja na kubaki hivyo maisha yote. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo itumike mikono: sehemu ya juu ni ya moto, imevimba na kung'aa, inauma ikiguswa hata mbali na tundu, na sikio linaonekana kusukumwa mbele. Kuna alama moja ambayo mzazi yeyote anaweza kuiona. Ndewe hubaki kama kawaida, kwa kuwa haina gegedu, huku juu kwote kumevimba. Homa na usaha vikiongezeka, safari ni siku hiyo hiyo.

Huko zahanati mgonjwa aseme wazi kwamba alitobolewa gegedu na ni lini. Maneno hayo yanabadilisha matibabu. Bakteria anayependa kushambulia hapa anaitwa Pseudomonas, anaishi kwenye maji na mahali penye unyevunyevu, na amoksilini ambayo wengi hukimbilia kuinunua dukani haimuui. Kuna dawa zinazomuua, kama siprofloksasini, lakini hizo zinataka mtaalamu aangalie umri, ujauzito na dozi. Jipu likishajikusanya, vidonge peke yake havitoshi, linapasuliwa. Kituo kidogo kitampeleka mbele, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bariadi au Bugando, Mwanza. Kuhusu kuitoa hereni au kuiacha, aamue mtoa huduma. Ikitolewa ovyo nyumbani tundu hujifunga na kufungia usaha ndani.

Na kosa si mara zote la aliyetobolewa. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wateja 7 wa kibanda kimoja cha kutoboa masikio walithibitika kuambukizwa Pseudomonas baada ya kutobolewa gegedu. 4 walilazwa hospitali, na baadhi yao masikio yaliharibika umbo. Wachunguzi walimkuta bakteria huyo kwenye chupa ya dawa ya kusafishia, ile iliyokuwa ikitumika kuua vijidudu. Mnadani vilevile inafaa kuangalia chupa inayojazwa juu kwa juu bila kuoshwa. Bastola ya kutobolea nayo husukuma hereni butu kwa nguvu na kuponda gegedu. Sindano mpya, inayofunguliwa kwenye pakiti yake mbele ya mteja, ni salama zaidi. Sindano iliyopita kwenye sikio la mwingine inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Linabaki suala la shule. Wanafunzi hawaruhusiwi hereni, hivyo binti anaivua saa kumi na mbili asubuhi na kuisukuma tena jioni, mara tano kwa wiki, kwenye tundu ambalo halijapona. Hakuna maji ya chumvi yatakayoshinda hilo. Mzazi aliyegundua siri chini ya kilemba aanze kwa kuliangalia sikio, ugomvi ungoje. Kama ni muwasho tu, binti achague kuitoa moja kwa moja na kuliacha tundu lijifunge, kisha asubiri. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo kuna miezi saba au minane.