Mtoto Asemeshwe

Kwetu Pwani mtoto wa Kiislamu hupokewa duniani kwa maneno. Babake, au mzee mmoja wa nyumbani, humwadhinia katika sikio la kulia. Desturi hiyo ni ya dini, wala haihitaji kutafutiwa sababu nyingine. Lakini yashangaza kuwaona wazazi wale wale, arobaini ikishapita, wakimnyamazia mtoto kana kwamba hasikii.

Husikia sana. Mtoto mwenye siku chache tu huitambua sauti ya mamake. Apatapo miezi 6 hivi huanza kubwabwaja. Karibu na kutimiza mwaka hutoa neno lake la kwanza. Na wengi huunganisha maneno mawili kabla ya kufikia miaka 2. Hayo yote yataka kusemeshwa: yeye atoe kijisauti, mkubwa amjibu, kisha amngoje. Simu apewayo siku hizi ili anyamaze, mamake apate kupika, husema mchana kutwa lakini haimngoji.

Nyanya zetu walilijua hili bila ya kusomeshwa. Baada ya isha walitega vitendawili, na mtoto aliyeshindwa alitoa mji. Humo alijifunza kusikiliza, kukisia na kungoja zamu yake. "Paukwa!" ni bure pasipo wa kuitikia "Pakawa!"

Liko jingine lituumalo zaidi. Hapa Mombasa zimo nyumba ambazo mtoto husemeshwa Kiingereza peke yake, tena cha kuungaunga, ati apate kuendelea shuleni. Nyanya akimwambia, "Usiteze ndiani, mwanangu," mjukuu humtazama mamake amfasirie! Na yule asemaye "mato" hukemewa aseme "macho," kama kwamba Kimvita ni ugonjwa. Tume ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba miaka 3 ya kwanza shuleni mtoto asomeshwe kwa lugha ya mahali alipo. Wala hapana la kuogopa: mtoto aweza kushika lugha mbili tatu pamoja, akachanganya kidogo, kisha akazipambanua mwenyewe. Wangapi kati yetu walikulia Kimvita nyumbani, Kiarabu chuoni na Kiingereza shuleni?

Ila asiyegeuka akiitwa, au afikaye miaka 2 bila ya kuunganisha maneno, asingojwe kwa kuambiwa kwamba hata babake alichelewa kusema. Na apelekwe hospitali akapimwe masikio.