Tupewe Maksi za Kuandaa Sampuli

Wanachuo wenzangu, hasa sisi tunaosomea ualimu wa sayansi, nina hoja moja. Ripoti zetu za maabara zinapata maksi kwa jedwali, kwa grafu na kwa jibu. Kuandaa sampuli kunapewa mstari mmoja tu: "Sampuli iliandaliwa." Imeandaliwaje? Hakuna anayeuliza. Kesho tutakuwa walimu, na tutasahihisha hivyohivyo. Mimi nasema hapo ndipo maksi zinapotakiwa kwenda, na mfano wangu ni jiwe.

Chukua jiwe la mchanga kutoka vilima vya Pugu, Kisarawe, jirani zetu hapa Kibaha. Chembe zake za mchanga zimeshikana kwa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na katikati kuna vitundu. Kujua vitundu ni asilimia ngapi ya jiwe, njia ya kawaida ni rahisi: likaushe, lipime, liloweke, lipime tena. Tuseme kipande cha sentimita za ujazo 100 kina gramu 210 kikiwa kikavu na gramu 230 kikishashiba maji. Yameingia maji gramu 20, kwa hiyo vitundu ni asilimia 20. Sasa tuseme hukulikausha vizuri, gramu 8 za maji zikabaki ndani. Utaanzia 218, na jibu litakuwa asilimia 12. Mzani uleule, kanuni ileile, jiwe lilelile!

Kuloweka nako kuna mambo yake. Ukilitumbukiza jiwe lote kwa mkupuo, hewa inanaswa ndani na vitundu hivyo havihesabiwi. Maabara zenye pampu huivuta hewa kwanza. Asiye na pampu aongeze maji kidogo kidogo kutoka chini ili yapande yakiisukuma hewa itoke juu. Hata msumeno una athari: ukikata jiwe lenye kaolini, udongo unajipaka kwenye uso uliokatwa na kuziba milango ya vitundu.

Utasema, basi tuliweke kwenye oveni usiku kucha, yaishe. Sio kila sampuli inavumilia. Jasi ina maji ndani ya madini yenyewe, na kwenye nyuzi 105 maji hayo yanaweza kutoka ukayahesabu kama maji ya vitundu. Kule Kenya, udongo mwekundu wa Sasumua, lilipo bwawa linalopeleka maji Nairobi, una madini ya haloisaiti. Haloisaiti yenye maji ukiikausha inapoteza maji yaliyo kati ya tabaka zake, na ukiilowesha tena hairudi ilivyokuwa. Hapo kukausha kumekupa kitu kingine kabisa cha kupima.

Na kusaga je? Jiwe la kusugulia miguu linaelea kwa sababu vitundu vyake vingi vimejaa hewa, na vingine vimefungwa kabisa, maji hayafiki. Lisage liwe unga, litazama. Ukipima unga huo, vile vitundu havipo tena.

Haya sio mambo ya maabara ya shule peke yake. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekaa kwenye vitundu vya mawe ya mchanga chini sana ya ardhi. Jiwe la kina kama hicho likipandishwa juu, mzigo uliokuwa unalibana unaondoka na vitundu vinatanuka. Ndiyo maana wataalamu hulibana upya wanapolipima. Asiyefanya hivyo anaweza kukadiria gesi ambayo haipo, na nchi ikapanga bajeti juu yake.

Najua jibu la wengi: jamani, shule zetu hazina oveni, tutaandaa nini? Lakini hoja yangu haihitaji oveni. Anika jiwe juani, lipime kila siku mpaka uzito usibadilike, kisha andika: lilikaushwa juani siku kadhaa, likalowekwa saa kadhaa, lilikatwa kwa kifaa fulani. Jua halikaushi kama oveni, ila msomaji wa ripoti atajua namba yako imetoka wapi na aiamini kiasi gani.

Tena itapunguza kuchakachua. Sasa hivi kundi moja likipata 20 na lingine 12, mmoja anafuta namba yake afanane na mwenzake, au anaangalia desa la mwaka jana. Wangekuwa wameandika walivyoandaa, wangekaa chini wakagundua kwamba kundi la pili lilikausha nusu siku tu. Hapo wote wamejifunza sayansi, na hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo napendekeza hivi: kati ya maksi 20 za ripoti ya maabara, 5 ziwe za kueleza sampuli ilivyoandaliwa, kwa undani wa kutosha mtu mwingine aweze kurudia. Wahadhiri waanze na sisi muhula huu. Na sisi tukienda kufundisha, tuwaulize wanafunzi swali hilo kabla ya kuangalia jibu lao.