Tuwafundishe watoto wetu kuogelea, wa kiume na wa kike



Ndugu msomaji, anayeshuka asubuhi kutoka Ujiji mjini kwenda mwalo wa Katonga, au anayengoja boti pale Kibirizi, huliona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea hata halitushtui tena. Wavulana wa miaka saba na minane wamo majini wakirukaruka, wala hapana mtu mzima anayewaangalia. Dada zao wamesimama ukingoni, maji magotini, wakifua nguo na kuosha masufuria. Wale wavulana wamejifundisha wenyewe, kila mmoja kwa bahati yake. Wasichana hawakufundishwa na yeyote, na siku mguu utakapoteleza hawatakuwa na la kufanya ila kupiga ukelele.

Ziwa Tanganyika lina urefu unaokaribia kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal huko Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Takwimu hizi huwafurahisha wageni, lakini mzazi wa Kigoma anapaswa kuzielewa kwa namna nyingine: katika sehemu nyingi za pwani yetu ardhi huporomoka ghafla chini ya maji, na mtoto aliyesimama maji yakiwa kiunoni akisogea hatua chache hapati tena pa kukanyaga. Isitoshe, kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda sana, likaingia bandarini na katika nyumba za ufukweni, hata pale palipokuwa uwanja wa watoto kuchezea pakawa maji.

Je, dini yetu inasemaje? Wengi tumekulia tukisikia kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Uaminifu wa kielimu unatulazimu kusema kuwa mapokezi yanayolifikisha neno hilo kwa Mtume yana udhaifu mbele ya wanazuoni wa hadithi, na kwamba mashuhuri ni kulinasibisha na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Hata hivyo, Imam An-Nasai amepokea katika Sunan al-Kubra hadithi inayotaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa mchezo wa upuuzi, ijapokuwa si dhikri, na la nne katika hayo ni kujifunza kuogelea. Nayo Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Hapa pana hoja inayosikika misibani nayo inahitaji kuzungumzwa kwa upole. Ni kweli, kwa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kubwa kwa mama aliyefiwa, wala hapana ruhusa ya kumnyang'anya. Lakini faraja ya aliyefiwa haiwezi kugeuzwa kuwa udhuru wa mzazi aliyezembea. Katika hadithi hiyo hiyo ametajwa aliyekufa kwa tauni na aliyeangukiwa na jengo. Nani kati yetu anayeacha ukuta wa nyumba yake ubomoke kwa kutamani shahada? Yule bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Udhuru wa pili ni stara. Wazazi husema kuwa kuogelea si jambo la mtoto wa kike, kwa sababu ya mavazi na macho ya watu. Hofu hiyo ina msingi, na hatuidharau. Ila tukumbuke kuwa msichana huyo huyo tunamtuma ziwani kila siku kuchota maji na kufua, tunampandisha boti kwenda kusalimia ndugu vijijini, naye amevaa baibui au amejifunga khanga mbili ambazo zikilowa humvuta chini. Ikiwa kumfikisha majini kumekubalika, kwa nini kumfundisha kutoka humo kukataliwe?

Wenzetu wa Zanzibar wamekwisha kupita njia hii. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana wa Kiislamu kuogelea na kuwaokoa wengine, wakiwa katika mavazi yanayositiri mwili mzima, na baadhi ya waliojifunza wakawa walimu. Mambo matatu yalirahisisha kazi hiyo, nayo yote yako ndani ya uwezo wetu: mwalimu awe mwanamke, vazi liwe la kusitiri lakini jepesi lisilonywa maji, na wazazi wahusishwe mapema, kabla ya mtoto kuingia majini.

Tunachopendekeza kwa Kigoma na Ujiji ni klabu ya mtaa itakayosimamiwa na wazazi, walimu wa madrasa na kamati za misikiti, yenye saa mbalimbali kwa watu mbalimbali. Wanaume na wavulana wapewe wakati wao, wanawake na wasichana wakati wao na mahali pao palipositirika. Shirika la Afya Duniani, ambalo katika ripoti yake ya 2024 lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, linashauri watoto wafundishwe kuogelea kuanzia umri wa miaka sita. Walio chini ya hapo wanahitaji uzio na jicho la mtu mzima kuliko masomo, na walio chini ya miaka mitano ndio karibu robo ya wanaokufa. Tusijidanganye kwamba mtoto wa miaka mitatu “amezoea maji”.

Somo la kwanza si kupiga mbizi wala kushindana kwa kasi. Ni kulala chali na kuelea bila kuhangaika, kupumua, kisha kurudi ukingoni. La pili, ambalo watu wazima wengi hawalijui, ni kumwokoa mwenzako bila kumfuata majini. Mtu anayezama humkamata anayemkaribia, wakazama wote wawili. Mtupie kamba, mnyooshee kasia, au mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Linaelea, na kila nyumba inalo. Akishatolewa, asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo, kama tuonavyo ikifanyika. Ikiwa hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni na kifua kibonyezwe, huku mtu mwingine akikimbilia msaada.

Mahali pa kufundishia pachaguliwe kwa uangalifu. Penye majani na maji yaliyotulia pana konokono wanaobeba kichocho, na zipo sehemu ambazo wavuvi wanajua hupitiwa na mamba au kiboko. Ushauri wao uchukuliwe.

Na tusiwasahau wavuvi wenyewe. Si ajabu kumkuta mtu aliyekesha miaka kumi kwenye taa za dagaa naye hajui kuogelea, na anaona haya kusema. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mitumbwi ikakaa nchi kavu miezi mitatu. Miezi kama hiyo, japokuwa ni ya upepo wa kusini, ingefaa kwa darasa la wanaume katika ghuba iliyokingwa.

Hatusemi kuwa kuogelea kutamaliza vifo vya majini. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, katika Ziwa Viktoria, wakafa watu 228. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama katika ziwa letu hili upande wa Kongo, wakafa zaidi ya watu mia. Chombo kinapojazwa kupita kiasi, hata muogeleaji hodari anaweza kushikiliwa na wenzake au kunaswa chini. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe, lisiwe la kukalia, na nahodha anayezidisha abiria aambiwe wazi na abiria wenyewe, hata kama ni jirani au shemeji. Lakini baina ya chombo kinachozama na boti ya msaada kuna dakika ambazo mtu yuko peke yake na Mola wake, na katika dakika hizo anayejua kuelea ana sababu moja zaidi ya kuokoka.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza leo hii. Baada ya swala ya Ijumaa liulizwe swali moja, na lifikishwe pia upande wa kina mama: nani miongoni mwenu anajua kuogelea vizuri, na yuko tayari kutoa saa mbili kwa wiki? Majina yaandikwe na katibu wa msikiti, na wanawake watakaojitokeza waanze kwa kukutana na wazazi wa wasichana wa madrasa yao.

Wabillahi tawfiq.